Doa Jeusi Kwenye Bahari ya Mzee

Hospitali walinipigia simu nikiwa Liuhua, soko la nguo za jumla, nabishana na laoban juu ya zipu. Laoban ndiyo bosi, mwenye duka. Huku kila anayekuuzia kitu ni laoban, hata kama anauza soksi. Yalikuwa magauni ya watoto, katoni kwa katoni, na zipu zote zinakwama katikati ya mgongo. Mimi nataka abadilishe, yeye anataka niamini kwamba zikishavaliwa zitalainika zenyewe. Simu ikaita, namba ngeni, muuguzi wa kike anamwaga Kichina kwa kasi, nikaambulia nusu. Alipoona namchelewesha akaisogeza simu kwa mtu mwingine, nikasikia sauti ninayoijua, ila sasa ilikuwa nzito kama ya mtu mwenye tonge mdomoni: "Mwanangu, watu hawa hawanielewi. Ninaomba maji."

Nikamwachia laoban zipu zake nikaondoka.

Mzee huyo alikuwa Mwitaliano, mchoraji, jirani yetu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika wa Guangzhou. Kiharusi kilimwangusha asubuhi akichemsha kahawa, mpangaji mwenzake akaita gari la wagonjwa. Na kiharusi kile kilikuwa na vituko vyake. Kiitaliano alichozaliwa nacho kilimtoka, Kichina alichokihangaikia miaka na miaka kikamtoka, kikabaki Kiswahili peke yake, tena kile cha misheni, chenye "ninaomba" na "tafadhali" kila mahali. Daktari alinieleza kupitia simu yake inayotafsiri kwamba hutokea mara chache, lugha moja inabaki juu na nyingine zinazama. Nikamuuliza zitarudi lini. Akasema mshipa mwingine kichwani unavuja, kumpasua hawawezi kwa sababu moyo hautahimili, basi tumfanyie lile analolitaka. Jamani! Mtu unaingia na mfuko wako wa machungwa, unaambiwa jambo kama hilo na sauti ya kike ya ndani ya simu, isiyo na huruma wala kikohozi.

Muuguzi alikuwa ameshajifunza neno "maji". Alilitamka vizuri, nikamshukuru kwa hilo.

Ngoja niseme huyu mzee alikuwa nani, maana watu wengi pale Tianxiu, kwenye lile jengo letu la ofisi na wasafirishaji wa mizigo, walimjua tu kama Mzungu wa vitenge. Alizaliwa kwenye kimji kidogo cha bandari huko Italia, nyumba yao dirisha lake likitazama maji. Akiwa kijana aliwekwa kwenye karakana ya kuchapa picha, kazi yake kusugua mawe. Baadaye akawa mchoraji mwenyewe, mjini, wa kuonyesha picha ukumbini, watu wenye glasi za divai wakimpigapiga bega. Kisha mambo yakageuka, wakawa wanataka picha zisizo na kitu ndani yake, michirizi tu. Naye alijaribu. "Nilijiona nasema uongo kwa rangi," aliniambia. Mapadre wakamwomba aende Singida akawapakie kanisa rangi. Alikwenda kwa miezi michache, akakaa mpaka akaota mvi.

Mimi kwetu ni hukohuko. Komunyo ya kwanza nimeipokea chini ya malaika wake, wale wenye miguu iliyopasuka visigino kama ya watu wanaolima. Tulipokuwa watoto tulidhani malaika wote wanatembea peku. Nilipokuja kumjua aliyewachora nilikuwa tayari mama mtu mzima, mfanyabiashara, ndani ya lifti ya Tianxiu. Alinitazama, akanitazama tena, nikawa namwandalia maneno yake. Kumbe anaangalia kitenge changu. "Shikamoo sikupi, wewe ni mtoto," akasema, "lakini huyo kuku nimemchora mimi, na mkia wamemharibia."

Ndivyo alivyofika Guangzhou. Viwanda vilitaka mtu wa kuchora vitenge anayejua mwanamke wa Afrika anapenda nini, yeye akaja na kuku wake na feni zake na funguo zake. Angeweza kukaa na Wazungu wenzake kwenye maghorofa mazuri. Alikaa kwetu Xiaobei, chumba kimoja, kwa sababu, alisema, hapo ukimwamkia mtu asubuhi anaitikia.

Ukutani juu ya kitanda alikuwa na picha moja tu. Mtu ameishi kwa kuchora maisha yake yote, halafu ana picha moja! Nyingine ziliuzwa, nyingine ziligawiwa, nyingine mke aliyemwacha alikwenda nazo. Hiyo moja haikuwa na rangi hata, bahari ya kijivu, jabali dogo, mbingu kubwa, karatasi imekunjamana kwa unyevu. Ukikaa Guangzhou unajua majira yale kuta zinapotoka jasho na nguo hazikauki; karatasi ile ilikuwa imepita majira hayo mara nyingi. Alinieleza ilivyofanywa. Unachora juu ya jiwe kwa chaki yenye mafuta, unalilowesha jiwe, wino unakataa penye maji na kushika penye mafuta, unakandamiza karatasi. Unachapa chache. Halafu jiwe linasuguliwa kwa mchanga na maji mpaka liwe jeupe, mtu mwingine achore lake.

"Kwa hiyo bahari hii haipo tena," alisema.

"Nani alilisugua jiwe?"

"Mimi. Ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa."

Na katikati ya maji yale kulikuwa na doa jeusi, dogo, hata punje ya mtama ni kubwa. Hilo doa alikuwa mama yake. Wanawake wa umri wake kule walivaa nguo nyeusi wakakaa mlangoni. Yeye kila asubuhi aliingia baharini akaogelea hadi mbali, mtaa mzima ukimsema. Kazi ya mtoto ilikuwa kusimama dirishani kahawa ikishachemka, kumwita. Akisikia alikuwa ananyoosha mkono mmoja juu ya maji, ndiyo anarudi. "Hapo nimeita," mzee akaniambia akigusa karibu na doa bila kuligusa lenyewe, "na bado hajasikia." Kupigwa picha mama huyo hakutaka, akiona kamera anageuza mgongo. Hana picha nyingine duniani. Alifariki wakati mwanawe yuko juu ya ngazi Singida anapaka mbingu ya kanisa letu, na habari zilifika ameshazikwa.

Mimi na mdomo wangu huu nikasema, "Mzee, hilo ni kinyesi cha nzi."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo ukawa ndio utani wetu. Nikiingia tu, hata kabla sijaketi, namuuliza kama mama bado hajatoka majini. "Bado," ananijibu, "maji yamemwingia masikioni." Nadhani niliuliza hivyo kila nilipokwenda kwake, na sikumbuki hata mara moja niliposimama nikaiangalia picha yenyewe vizuri.

Basi, siku ya pili hospitalini alinishika mkono kwa ule wake uliobaki na nguvu akasema, "Nileteeni mama." Kwetu mgonjwa akianza kuwaita waliotangulia, watu wanatazamana. Akaona nimeogopa. "Ya ukutani," akasema. "Nataka kumwona."

Ningekwenda mwenyewe saa ileile. Lakini kontena langu lilikuwa linafungwa siku hiyo, magauni na zipu zake yameshapakiwa nusu, na kontena halimngoji mtu. Nikampa mwenyekiti wetu ufunguo wa chumba cha mzee. Huyu ni Mtanzania mwenzetu, mtu wa Kahama, mnunuzi wa simu, mwenyekiti wa kamati ya michango; akifa mtu, akizaa mtu, akikamatwa mtu, ni yeye anayeandika kwenye kundi la simu "wapendwa". Sauti kubwa, moyo mkubwa kuliko sauti. Alikuwa na ndege ya kurudi nyumbani akaiahirisha kwa ajili ya mzee. Nasema haya ili nisije nikamdhulumu, kwa sababu nimemtukana sana na mengine sitayaandika.

Nikamwambia, "Ile picha ya bahari, juu ya kitanda. Mpelekee."

Mwenyekiti aliingia chumbani, akaiona. Na akaona aibu. Sasa jiweke mahali pake, wewe uliyelelewa kama tulivyolelewa sisi. Kwetu karatasi unayoipenda huiachi uchi. Cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha darasa la saba, picha ya marehemu baba, vyote vinatiwa laminesheni, vinapitishwa kwenye ile mashine ya moto na kufunikwa nailoni mpaka vinang'aa. Hapo ndipo mtu anasema kitu hiki kina mwenyewe. Karatasi isiyo na nailoni ni karatasi ya mtu asiyejali. Mwenyekiti akaitazama bahari ya mzee, imekunjamana, ina madoa ya kutu, pembe moja imeliwa na mdudu, akajisemea haiwezekani tumpelekee mzee wetu takataka hii kana kwamba hana watu. Mimi mwenyewe nisingekuwa namjua mama aliye ndani yake, ningefanya vilevile, na hilo ndilo linanikera zaidi.

Chini ya jengo kuna duka la laoban anayechapa vibandiko vya katoni na mabango. Mwenyekiti akampelekea. Oda yenyewe ilikuwa kubwa: picha itiwe laminesheni, na kabla ya hapo ipigwe kopi kwa kompyuta, ikuzwe, iwekwe kwenye fremu ya dhahabu kama zawadi ya kamati. Laoban akaiingiza kwenye kompyuta. Kisha akaitia karatasi kwenye mashine ya moto. Karatasi ilikuwa kuukuu, imelegea, ikajiviringisha kwenye roli, ikakwama mle ndani ikiungua pamoja na nailoni yake. Walipoitoa ilikuwa donge gumu, la kahawia. Laoban akamwambia mwenyekiti neno wanalolisema wote, mei wenti, hakuna shida: kopi ninayo, tena safi zaidi.

Mimi nilifika hospitalini jioni, kontena limeshafungwa. Nikiwa mlangoni nikaona fremu ya dhahabu imesimamishwa kwenye kiti mbele ya kitanda, pana kama meza, na ndani yake bahari ya buluu. Buluu! Laoban aliona kijivu hakipendezi. Kwenye pembe ya chini wameandika TUNAKUPENDA MZEE WETU, maua huku na huku. Mwenyekiti amesimama kando anatabasamu, simu mkononi, anataka kurekodi kwa ajili ya kundi.

Mzee alimshukuru. Alikuwa mtu wa adabu zake. "Asanteni sana, mmefanya kazi nyingi," akasema. Kisha macho yakaanza kutembea juu ya maji, kulia kwenda kushoto, taratibu, yanarudi, yanatembea tena. Nilielewa kabla hajafungua mdomo, na sikuweza kufanya chochote zaidi ya kushika mkono wa mlango.

"Mama yuko wapi?"

Mwenyekiti alishusha simu. Akainama, akamwambia kwa upole wote aliojaliwa, "Mzee wetu, mama alishatangulia kwa Bwana. Tutamwona siku ile."

"Najua amekufa," mzee akasema. "Nauliza yuko wapi."

Nilimvuta mwenyekiti kwa shati mpaka kwenye ukumbi wa nje, nikamtolea uvivu. Yeye hakujua hata nazungumzia nini. Doa gani? Nilipomweleza aliketi kwenye viti vya wageni akafunika uso. "Alisema anaondoa uchafu," akasema. "Alinionyesha kwenye kompyuta, madoa yanaondoka moja moja. Nikamwambia ongeza, safisha yote." Nikataka kumpiga, kweli kabisa. Badala yake nikaketi na mimi.

Kesho yake asubuhi tulikuwa dukani kabla laoban hajainua mlango wa bati. Karatasi yenyewe? Mei you, hakuna. Donge limekwenda na taka jana. Ile kopi ya kwanza, kabla hajasafisha? Mei you, amehifadhi juu yake ile safi, yenye uchafu angeiweka ya nini? Hakuwa mtu mbaya. Alitufungulia kompyuta mwenyewe atutafutie, akatuletea viti, akatuuliza tunataka kuongeza nini basi. Anayo mashua. Anayo ndege weupe. Anao msichana mwenye kofia pana anayetembea ufukweni, atatupa bure.

"Mwambie aweke mtu," mwenyekiti akaniambia.

"Si mtu, ni doa."

"Basi mwambie doa."

Nani amewahi kumwomba mchapaji amrudishie uchafu? Laoban alinitazama kama mtu ambaye hajalala, na kweli sikuwa nimelala. Nilichukua kalamu nikaweka nukta kwenye kipande cha kadibodi: hivi. Akaelewa. Akaifanya bahari iwe ya kijivu, hilo nilimlazimisha, akaweka kidole kwenye kipanya akaniuliza: wapi?

Wapi? Kulia kwa jabali au kushoto? Karibu na ukingo wa mbingu, au katikati? Nilifumba macho nikaona chumba cha mzee, nikaona birika la kahawa, nikajiona mimi ninavyoingia nacheka. Bahari niliiona ya kijivu tu, tupu. Nikafungua simu. Ninayo picha moja ya Pasaka, mimi na mzee tumeketi kitandani kwake, bahari iko nyuma yetu ukutani. Nikaikuza. Kichwa changu na kilemba changu cha sikukuu vimekaa palepale, vimefunika maji yote.

Mwenyekiti aliandika kwenye kundi kuuliza nani ana picha ya chumba cha mzee. Watu walijibu kwa moyo, wakatuma sala, wakatuma viganja viwili vilivyounganishwa. Picha hakuna aliyekuwa nayo. Watu hawapigi picha ukuta wa mzee.

Nikanyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta, mahali popote. "Hapa," nikasema. Laoban akabonyeza.

Tuliipeleka bila fremu, karatasi tupu, tumeiviringisha kwenye gazeti isilowe na mvua. Mzee alikuwa amelegea zaidi ya jana, mdomo umepinda upande, muuguzi anamfuta. Nikaishika karatasi mbele yake kwa mikono miwili, mwenyekiti ameishika kwa chini isijikunje. Sikumwuliza kama mama ametoka majini. Utani wenyewe sikuuweza.

Macho yake yalianza tena ile safari. Yalipita jabali, yakapita katikati, yakaenda, yakaenda, yakasimama. Nilimwona anavuta pumzi. Nikamwomba Mungu, nasema ukweli, nikamwomba Mungu kwa ajili ya nukta ya kompyuta.

"Leo amekwenda mbali mno," mzee akasema.

Mwenyekiti akaisogeza karatasi karibu naye zaidi.

"Hajawahi kufika kule. Mwite, mwanangu. Sauti yangu haitoki."

Mimi si mtu wa haya. Liuhua pale nimeshapiga kelele mpaka walinzi wakaja. Lakini chumba kile kilikuwa na wagonjwa wengine wawili na jamaa zao wanakula tambi. Nikamtazama mwenyekiti, akatazama viatu vyake.

"Mama!" nikaita.

Wale wa tambi waliacha kula. Mzee hakunitazama mimi, alitazama maji.

"Hajanyoosha mkono," akasema. "Ita kwa nguvu."

"Mama! Rudi!"

Na mwenyekiti naye akaita, kwa ile sauti yake ya misibani, machozi yanamtoka mpaka kwenye ndevu. Muuguzi akaja mbio, akatuona, akasimama hapohapo na taulo lake mkononi.

"Bado," mzee akasema, macho palepale kwenye nukta yangu. "Maji yamemwingia masikioni. Iteni tena."

Tukaita tena.